Chole, Kua na Jibondo: safari ya visiwa vidogo vya Mafia

Nimerudi Morogoro na daftari lililolowa pembeni, picha nyingi za simu na mafua. Kila ninayemwambia nilikuwa Mafia ananiuliza papa potwe. Msimu wake ndio kwanza unaanza, huwa Oktoba hadi Machi upande wa Kilindoni, na sikumwona kwa sababu sikumfuata. Nilifuata visiwa vitatu vilivyo kusini-mashariki mwa Mafia yenyewe: Chole, Juani na Jibondo. Vyote vimesimama juu ya mwamba wa matumbawe. Kimojawapo, Jibondo, hakina udongo wa kulima, na mwaka huo wa 2016 hakikuwa na maji ya kunywa ya uhakika, lakini watu wamejaa. Nilitaka kuona wanaishije.

Alhamisi, 13 Oktoba 2016. Mbagala, Nyamisati, Kilindoni

Basi la Nyamisati lilitoka Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili asubuhi, nauli Sh 8,000. Lilijaa hadi mlangoni kwa kuwa kesho yake ilikuwa Siku ya Nyerere na watu wa Mafia walikuwa wanawahi kwao. Mkuranga, kisha Bungu; hapo Bungu lami tukaiacha, likabaki vumbi na mikorosho mpaka harufu ya mikoko ilipoingia dirishani.

Nyamisati ni gati, mabanda ya chai, na kusubiri. Boti ilitangazwa saa nne. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, na hakuna aliyekasirika isipokuwa mimi na kijana mmoja wa mauzo kutoka Dar. Muuza chai akatuonyesha mlango wa mkondo kwa kidole: matope matupu. "Maji yakija mtaitwa." Yalikuja, tukaitwa saa saba u nusu, nauli Sh 15,000.

Tulipotoka kwenye mikoko na kuingia bahari wazi nikaanza kuumwa tumbo. Mama mmoja aliyekuwa anarudi kwake Bweni, upande wa kaskazini ya Mafia, alinisogezea mkeka, akanipa ndimu ya kunusa na kanga ya kujifunika kichwa. Kila baada ya muda alinigusa bega kuhakikisha bado nimo. Tulishuka Kilindoni jua likizama. Nilipotaka kumrudishia kanga akasema, "Kaa nayo mwanangu, huko unakokwenda jua halina mwenyewe." Chumba cha gesti jirani na soko, Sh 20,000, feni inazunguka, neti imetoboka.

Kwa anayekuja: beba akiba ya pesa taslimu kutoka Dar. Benki ipo Kilindoni, lakini ng'ambo huko utalipa mkononi kila kitu. Na usipange shughuli siku unayotua Mafia wala siku unayorudi Dar, maana ratiba ya boti ilikuwa inashikwa na maji.

Ijumaa, 14 Oktoba. Utende na Chole

Hiace ya Utende ilikaa saa nzima sokoni ikitafuta abiria wa mwisho, kisha ikaenda kama dakika ishirini kwenye lami mpya, Sh 2,000. Kabla ya ufukwe kuna geti la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995. Mtanzania anatozwa kiasi kidogo tu akionyesha kitambulisho, kwa hiyo usikiache mkobani Kilindoni.

Kuvuka hadi Chole ni dakika kumi kwa mashua. Ukikanyaga mchanga tu unakutana na magofu: kuta za matumbawe na chokaa zilizokumbatiwa na mizizi ya mitini mpaka hujui kama mti unaushika ukuta au unaubomoa. Chole ilikuwa ndiyo makao makuu ya Mafia enzi za utawala wa Waarabu wa Omani, na Wajerumani nao wakaitumia hivyo walipoichukua pwani. Mwaka 1913 wakahamishia serikali Kilindoni, ambako meli za stima zilipata kina. Chole ikabaki na michungwa, miembe na popo.

Popo hao si wale wa darini. Ni wakubwa, wana sura ya mbwa, na wananing'inia kwa mamia juu ya miembe mchana kutwa wakigombana. Jamaa zao wako Komoro, bara hawapo. Mzee aliyenikaribisha, mwalimu mstaafu, alisema watoto hufundishwa mapema kutowapiga manati. "Wanakula embe zetu, lakini na sisi tunakula fedha za wanaokuja kuwaona." Magharibi ilipoingia wakaruka wote kuelekea Mafia kubwa, na kelele ikakatika.

Ijumaa bahari hailazimishwi. Hadi saa sita vyombo vilikuwa vimeshavutwa juu, na baada ya sala ndipo watu walipotulia barazani. Mke wa mwalimu alikuwa anasuka ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, huku akizungumza, vidole vinakwenda vyenyewe, macho yako kwangu. Mkeka mzima, alisema, ni kazi ya majuma kadhaa: kuna kuchana miyaa, kuanika, kuchemsha na rangi, kusuka, kisha kushona. Mchuuzi akija anautazama kwa sekunde mbili na kutaja bei ya kumuudhi. Nilinunua mdogo wa kuswalia Sh 12,000 na sikupatana bei.

Nililala kwao. Walikataa fedha ya chumba, wakakubali ya chakula: wali wa nazi, changu wa kukaanga na kachumbari ya embe bichi.

Jumamosi, 15 Oktoba. Kua, halafu Jibondo

Saa kumi na mbili asubuhi kijana wa mwalimu alinivusha hadi Juani kabla maji hayajakimbia. Tukatembea kisiwani kuelekea kusini, njia ya mawe makali inayopita kwenye mashamba. Sijui nikuelezeje shamba la Juani. Hakuna shamba unaloliona. Kuna mwamba wenye mashimo, na kila shimo lenye udongo wa kujaza kofia mna shina la muhogo au mtama. Mwanamke tuliyemkuta analima hakuwa na jembe, alikuwa na muundu na kijiti.

Mji wa Kua umekaa juu ya kilima kidogo magharibi mwa kisiwa. Kuna misikiti kadhaa, makaburi, na jengo kubwa la ghorofa ambalo wenyeji huliita jumba la mfalme. Ukuta ukiutazama kwa karibu unaona maua ya matumbawe yenyewe, yale matundu madogo yenye umbo la nyota, yamekaa ndani ya chokaa ambayo nayo ni matumbawe yaliyochomwa tanuuni. Mji mzima ulitolewa baharini. Na baharini ndiko kulikotoka maangamizi yake: mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, walikuja na mitumbwi yao, wakaua na kubeba mateka. Waliosalia hawakurudi kuujenga. Kwenye kaburi moja nilikuta chungu kidogo cha ubani na kitambaa cheupe, si vya zamani.

Nahodha wa Jibondo aliyekuwa amepigiwa simu jana yake alitufuata Kua maji yalipopanda, kwenye saa nane. Mashua yake ilikuwa imejaa madumu ya manjano mpaka karibu na mlingoti. Maji, kutoka Mafia kubwa. Nilipouliza nauli alinitazama juu hadi chini, akawatazama vijana wake, akasema, "Umekaa pa madumu matatu." Kila dumu la lita ishirini Jibondo wiki ile lilikuwa Sh 500. Nililipa 1,500, na vijana wakacheka njia nzima wakiniita Dumu.

Hapo ni msimu wa maleleji: upepo wa kusi umechoka, wa kaskazi haujashika. Tanga lilijaa, likalegea, likajaa tena. Njiani mvulana wa miaka kama kumi alishika usukani huku nahodha akivuta sigara, na hakuna aliyeona ajabu.

Jibondo ukiiona kwa mbali huwezi kudhani ni kisiwa, ni mstari tu. Hakina mnazi wa kutambia. Ukikaribia unaona nyumba zimebanana upande mmoja, na mbele yake, ufukweni, mifupa ya vyombo vinavyoundwa. Wanawake na watoto waliingia majini hadi kiunoni kuyapokea madumu. Nikapokea na mimi. Nilifikia kwa Bi Mkubwa mmoja, dada wa nahodha, na kabla sijasema shikamoo ya pili aliniletea bakuli la maji ya kunawa miguu. Nilijua nimekaa pa madumu matatu kuja. Nilinawa kwa uangalifu mkubwa.

Jumapili, 16 Oktoba. Bamvua

Siku hii daftari langu lina kurasa tisa.

Nje ya kijiji kuna jabia, sakafu pana ya zege yenye mteremko inayopokea mvua na kuimimina kwenye tangi. Nilikwenda na Bi Mkubwa alfajiri. Masika hulijaza, kiangazi hulimaliza. Oktoba, vuli haijanyesha, ndoo ilikuwa inagonga chini. Kila nyumba ilikuwa na hesabu yake: ya jabia kwa chai na uji, ya kununua kwa kupikia, ya chumvichumvi ya kisimani kwa kufulia na vyombo, na ya bahari kwa kusafishia samaki. Katika nyumba ile kulikuwa na mapipa manne yenye vifuniko tofauti, na mtoto wa miaka minne anajua kata ipi haiingii pipa lipi. Niliambiwa kwa upole, mara moja tu, nisichanganye.

Mwezi ulikuwa kumi na nne, Mfunguo Nne (Muharram). Bamvua, maana yake bahari inatoka kabisa, na ikitoka kisiwa kinakuwa kikubwa mara mbili. Kwenye saa tatu wanawake walianza kuteremka, mmoja mmoja kisha makundi, kanga zimefungwa kiunoni, raba kuukuu miguuni, kila mmoja na nondo nyembamba na kijiti. Bi Mkubwa alinipa raba za mwanawe. "Ndala utaziacha kwenye jiwe la kwanza."

Kuchokoa pweza ni kazi ya macho kwanza. Alitembea polepole, kichwa kimeinama, mimi nyuma nikiona mawe na madimbwi tu. Akasimama. Alinionyesha vipande vya maganda ya kaa na kome vimerundikwa mbele ya tundu, safi, havijaota kuvu. "Huyu jana alikula vizuri." Akaingiza kijiti taratibu, akakichezesha, akasubiri. Mkono mmoja ukatoka na kukishika. Hakuvuta. Aliacha ushike vizuri, ukaja wa pili, ndipo nondo ikaingia upande wa pili, na kwa msokoto mmoja pweza mzima akawa nje, kahawia, kisha mweupe, kisha kahawia tena. Alimgeuza kichwa ndani nje kama anayegeuza soksi. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko mimi ninavyofungua kamera.

Kufikia saa tano maji yalianza kurudi na wote wakageuka pamoja bila mtu kusema neno. Yeye alikuwa na watatu, mmoja mkubwa. Pale ufukweni mchuuzi na mzani wake alikuwa ameshatandaza turubai: Sh 4,000 kwa kilo, wanakwenda Dar na kusafirishwa nje. Wadogo hawapimwi, wanakwenda chunguni. Nilimwuliza Bi Mkubwa fedha ya pweza ni ya nani. Akaniangalia kana kwamba nimeuliza pua yake ni ya nani.

Mchana nilikaa kwa mafundi. Jibondo haina mti wa ubao, lakini mashua zake zinatafutwa pwani yote. Mbao zinanunuliwa Mafia na Rufiji na kuletwa kwa chombo kilichoundwa hapa hapa. Hakuna mchoro. Fundi mkuu, mzee mwembamba aliyevaa kofia ya kiua, alikuwa anachonga taruma, ubavu wa ndani wa chombo, kwa tezo, anaisogeza ubavuni mwa chombo, anatikisa kichwa, anatoa unyoya mwingine wa mbao, anairudisha. Mara ya nne ikakaa. Keekee ilikuwa inalia upande wa pili, kijana anavuta upinde wake mbele na nyuma kutoboa tundu la msumari, maana msumari ukipigwa bila tundu ubao hupasuka.

Kilichonishika zaidi ni kalafati. Pamba inachovywa mafuta, inasokotwa kwa kiganja juu ya paja, kisha inapigwa ndani ya kila mwanya kati ya ubao na ubao kwa patasi butu. Tok, tok, tok, juma zima. Aliyekuwa anafanya alikuwa mvulana wa sekondari aliyerudi kwao kwa ajili ya sikukuu. Nikamwuliza unajuaje imetosha. "Sauti inabadilika," akasema, akanipigia sehemu mbili nisikie. Sikusikia tofauti yoyote.

Na saa kumi ilikuwa zamu ya mashua iliyokamilika. Chombo kikubwa hushuliwa bamvua, maji yakijaa hadi karibu na kilipolala, na ndiyo maana Jumapili ile wageni walikuwa wengi. Chini kilikuwa kimepakwa deheni nyeupe, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Ubani ulifukizwa, mashekhe wakasoma dua, kisha kamba mbili ndefu zikatandazwa na kijiji kizima kikashika: wanaume mbele, wanawake kamba ya pili, watoto popote. Mtu mmoja anaanzisha wimbo, wote wanaitika, na kwenye mwitikio ndipo mnavuta. Mara tatu za kwanza hakikutikisika. Ya nne kikalia kwa chini, kikateleza urefu wa mkono, kikakwama, gogo likachomolewa nyuma na kukimbizwa mbele. Viganja vyangu bado vina alama. Kilipoelea, mwenye chombo, mfanyabiashara wa Kilindoni, alianza kulia wazi wazi na wazee wakamtania kwamba ndiyo kwanza madeni yanaanza.

Usiku sinia la wali na nyama ya mbuzi, sita sita. Mbalamwezi ilikuwa kali hata taa hazikuwashwa.

Kwa anayekuja: tazama mwezi kabla ya kukata tiketi. Ukifika Jibondo maji mafu, bahari isipotoka wala kujaa sana, pweza huoni, chombo hakishuliwi, na utasema kisiwa kimelala. Fika karibu na mwezi mpevu au mwandamo. Gesti hakuna, piga hodi kwa mwenyekiti wa kijiji, ataku­tafutia nyumba. Usije mikono mitupu. Sukari, majani ya chai na daftari za shule zilipokelewa vizuri, ila kilichoshangiliwa ni madumu mawili ya maji niliyoongeza juu ya nauli yangu.

Jumatatu, 17 Oktoba. Jibondo

Jua lilikuwa kali, mwili umevunjika, nilikaa barazani. Jioni mzee jirani alinipeleka kuona msikiti kwa nje. Mwimo wa mlango wake ni wa mbao iliyochongwa, na wenyeji wanasema ulitoka Kua mji ulipokufa. Baada ya kuona zile kuta tupu Juani, nilisimama pale kwa muda.

Mzee huyo alikuwa na mengi kuhusu hifadhi. Aliwakumbuka wapiga baruti wa miaka ya nyuma: mlio mmoja, samaki weupe juu ya maji, na mwamba unakuwa kifusi. Hilo kuisha analishukuru. Lakini nyavu za kukokota zilipokatazwa, alisema, Jibondo waliumia kuliko wengine, maana mwenzao wa Juani ana muhogo, wa Chole ana chungwa, "sisi shamba letu ndilo hilo," akaonyesha maji. Kulikuwa na miaka ya kukataana kabisa na maofisa. Sasa wanazungumza. Mimi namwelewa. Mtu wa bara akikatazwa shamba moja hulima jingine. Jibondo hakuna jingine.

Jumanne na Jumatano

Maji yalijaa saa kumi na moja alfajiri, tukang'oa nanga gizani na madumu matupu yakigongana. Utende saa moja, Kilindoni saa tatu, kisha kusubiri boti hadi jioni. Tulilala Nyamisati juu ya mabenchi ya muuza chai yule yule, aliyetuuzia chai na kutupa mabenchi bure, na basi la alfajiri likatutua Mbagala kwenye foleni.

Gharama zote, kuanzia Mbagala na kurudi Mbagala, pamoja na mkeka, chakula na zawadi, zilikuwa Sh 148,000. Kwa wawili ingepungua kidogo kwenye mashua ya kukodi tu. Kwingine kote unalipa kwa kichwa, na Jibondo nililipa kwa dumu.